Furu wa Mwambani Sebuleni: Mwongozo kwa Mkazi wa Buhongwa

Mwenye mtoto aliyetazama filamu ya Finding Nemo ameshaombwa tangi la samaki wa rangi ya chungwa wanaolala ndani ya anemoni. Tupige hesabu ya ombi hilo mapema. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 240 linameza zaidi ya kilo nane za chumvi maalumu ya akwariamu kabla samaki hajaingia, na kila ukibadilisha maji unapima chumvi upya. Chumvi ya jikoni haifai, hata ile ya mawe inayovunwa Bagamoyo, kwa sababu magnesiamu na madini mengine mengi ya bahari hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Anemoni naye anataka taa kali, tangi lililokomaa kwa miezi mingi, na umeme usiokatika. Akifa usiku, huoza na kuwachafulia maji wenzake mpaka wakafa naye. Tena yule wa kwenye filamu si wa kwetu. Mafia na Unguja wana samaki wa anemoni wao: Amphiprion allardi mwenye pau mbili nyeupe, na Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni. Kumleta yeyote kati yao Buhongwa, Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya mfuko wa plastiki.

Mimi nisingeanzia huko. Mkazi wa Buhongwa yuko mwendo mfupi wa daladala kutoka mawe ya Nyegezi, na kwenye nyufa za mawe ya Ziwa Victoria wanaishi samaki ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwazalisha kwa miongo kadhaa kwa sababu ya rangi zao tu. Ni furu. Najua, hapa mjini furu ni chambo cha sangara, au kitoweo cha siku ambayo bei ya sato haishikiki. Lakini furu si samaki mmoja. Ziwa hili limekuwa na aina zipatazo 500, na wale wa mwambani, ambao wavuvi wa Mwanza huwaita mbipi, ndio wenye rangi za kuwekwa nyuma ya kioo. Maarufu kuliko wote ni Pundamilia nyererei: dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye pau nyeusi, na kifua cheusi. Watafiti wa Kiholanzi walimwandika rasmi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka, wakampa jina lake. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya samawati yenye pau nyeusi.

Kwa nini wa mwambani? Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akaifagia Ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakichunguza furu wa ghuba hiyo tangu miaka ya 1970, waliona aina moja baada ya nyingine ikikosekana kwenye nyavu zao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka. Wenye makazi kwenye mawe walinusurika zaidi, maana sangara mkubwa hapenyi kwenye ufa. Basi tangi lako lijengwe kwa kufuata ulichonacho jirani: mawe mengi, maji matamu ya kawaida, taa nyeupe, na aina moja ya furu kutoka sehemu moja. Ukishika hayo manne, mengine ni usafi na subira.

Anza na kioo. Fundi wa aluminiamu na vioo anaweza kukutengenezea tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, ambalo ni lita 240 hivi. Mwambie atumie kioo cha milimita 10 na aweke vipande viwili vya kioo juu, vikivuka upana wa tangi, ili ubavu usitanuke. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni inaua samaki. Iachwe ikauke wiki nzima, kisha tangi lijazwe maji uani kwa siku mbili kabla halijaingia ndani. Fundi atasema hakuna haja. Haja ipo, kwa sababu kapeti ni lako.

Tangi hilo likijaa maji na mawe linapita kilo 300. Kwa hiyo meza ya mbao ya sebuleni isahau. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya bomba za mraba, ipimwe kwa pima maji, na juu yake uweke ubao na tabaka la stairofomu ili kioo kisikae juu ya kichembe cha mchanga kikapasuka. Mahali pawe mbali na dirisha. Jua la mchana likilipiga tangi, baada ya wiki chache utakuwa na supu ya kijani.

Mawe hayana gharama kwa mkazi wa Buhongwa. Graniti imejaa kila upande wa mji huu, na graniti ndiyo hasa inayotakiwa kwa sababu haiyeyuki wala haibadilishi maji. Chagua mawe yasiyo na michirizi ya kutu, yasugue kwa brashi na maji matupu, usitumie sabuni. Yapange moja kwa moja juu ya kioo cha chini, au juu ya kipande chembamba cha plastiki, kabla ya kumwaga mchanga. Furu huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litamwangukia siku moja, au litaangukia kioo. Yapandishe hadi theluthi mbili za kimo cha tangi, yenye mapango na vichochoro ambavyo samaki anaweza kuingilia huku na kutokea kule. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba dume aliye upande huu asiweze kumwona dume wa upande ule. Kuta hizo za mawe ndizo zitakazoamua kama utafuga samaki kumi au utabaki na mbabe mmoja. Mchanga wa mto wa ujenzi unatosha, sentimita tatu tu, uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Mimea usihangaike nayo, wataing'oa.

Kwenye maji kuna kishawishi cha kwenda kuchota ziwani kwa kuwa ndiko samaki alikotoka. Usifanye hivyo. Maji ya ukingoni yana vimelea, konokono na uchafu wa mji, na wewe mwenyewe ukisimama humo miguu mitupu unajitafutia kichocho, ambacho mwambao huu umekizoea kupita kiasi. Maji ya bomba ya MWAUWASA yanafaa yakishatolewa klorini: yaweke kwenye jaba lililo wazi, pitisha hewa kwa pampu ndogo, yaache saa 24 au zaidi. Jaba la lita 200 liwe mali ya kudumu ya tangi lako, maana maji yasipotoka siku mbili tatu bado utakuwa na akiba. Maji ya mvua ya bati ni laini mno, yachanganye nusu kwa nusu na ya bomba. Ya kisima yapime kwanza.

Joto ndilo linalompa mkazi wa Mwanza nafuu. Maji ya juu ya ziwa hucheza kati ya nyuzi 24 na 27, na sebule ya Buhongwa haiko mbali na hapo, isipokuwa usiku wa Juni na Julai. Hita ndogo ya kuwasha miezi hiyo inatosha, na nyumba nyingi hazitaihitaji kabisa. Hewa ni habari nyingine. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo mdogo wa hewa huku unafanya maji yashike oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ya Dar es Salaam. Samaki wa hapa wamezaliwa hivyo. Lakini tangi lililojaa samaki usiku, taa zimezimwa na umeme umekatika, halina akiba ya kuchezea.

Ndiyo maana napendekeza kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, viwili, kila kimoja kwenye kona yake. Ni rahisi, kinaingiza hewa, na bakteria wake wanaishi ndani ya tangi lenyewe. Vile vichujio vikubwa vya nje vyenye mitungi iliyofungwa ni vizuri mahali ambapo umeme haukatiki; huku, ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliomo hukosa hewa na kufa, na umeme ukirudi kichujio kinatapika maji yaliyooza juu ya samaki. Kama unacho tayari, kifungue na ukisuuze kabla hujakiwasha tena. Pampu ya hewa ya wati 5 inaweza kuendeshwa na betri ya 12V 7Ah, ile ya kwenye UPS, kwa saa kama nane bila kuiumiza betri, na paneli ndogo ya sola juu ya bati huijaza mchana. Pampu ikae juu kuliko maji, au mpira wake uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatateremka mpaka kwenye soketi. Waya wowote unaotoka kwenye tangi uning'inie chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni. Betri ikiisha kabla umeme haujarudi, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, tena na tena, na usilishe.

Sasa subira. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na aina nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Jaza maji, washa vichujio, na kila siku utie unga kidogo wa chakula cha samaki kana kwamba samaki wapo. Itachukua wiki nne hadi sita. Nunua vipimo vya maji vya matone, hata kama itabidi kuagiza kutoka Dar es Salaam au Nairobi; hiki ndicho kifaa nisichokubali kukiruka. Amonia ikipanda kisha ikashuka hadi sifuri, naitraiti nayo ikapanda na kushuka hadi sifuri, tangi liko tayari. Ukimfahamu mtu mwenye tangi la zamani, muombe sponji yake chafu uikamulie kwenye lako. Utaokoa wiki kadhaa.

Samaki wapatikane kwa njia ya halali. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inataka leseni, kwa hiyo kabla ya kwenda na ndoo mwone afisa uvuvi wa halmashauri na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo husika, uwaeleze unataka nini. Ofisi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, iko hapahapa Mwanza, na kuna watu humo wanaozijua aina hizi vizuri. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, maji yake yakiwemo, kwa hiyo huko usiguse. Nyavu za kokoro na timba ni haramu, na hata kama zingeruhusiwa, samaki aliyetoka kwenye timba amekwanguka magamba na hatapona. Tumia ndoano ndogo kabisa iliyobanwa ncha yake ya kushikilia, chambo cha nyungunyungu, ukiwa umesimama juu ya jiwe kavu au ndani ya mtumbwi. Vua kina kifupi. Furu akivutwa haraka kutoka chini sana, kifuko chake cha hewa hutanuka na tumbo hutokeza mdomoni.

Msafirishe kwenye mfuko wenye theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, kila dume mfuko wake, ndani ya ndoo yenye mfuniko ili wawe gizani watulie. Nyumbani wakae kwanza kwenye beseni au tangi dogo la pembeni kwa wiki tatu au nne, lenye sponji lake na chumvi kidogo, gramu moja hadi tatu kwa lita, huku ukitazama madoa meupe, mapezi yaliyofungwa, au kupumua kwa haraka. Samaki wa ziwani huja na wageni mwilini.

Wangapi? Kwa lita 240, kumi na wawili hadi kumi na watano wa aina moja, madume watatu na waliobaki majike. Wakiwa wachache sana hali huwa mbaya zaidi: dume mmoja akiwa na jike mmoja atamfukuza mpaka afe. Wakiwa wengi, hasira yake hugawanyika. Waingize wote siku moja, na ukija kuongeza wengine baadaye, hamisha mawe kidogo ili kila mwenye eneo apoteze mipaka yake aanze upya pamoja na wageni.

Na iwe aina moja, narudia, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wengi huharibu. Majike wa nyererei na wa pundamilia wanafanana, wote wana rangi ya kijivu ya udongo. Wanachotenganishia waume ni rangi, na rangi inahitaji mwanga. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti uliofanywa kwenye miamba na visiwa vya ziwa hili: palipo na maji maangavu, kama Kisiwa cha Makobe, aina hizi mbili zinajitenga kabisa, palipo na maji ya tope ndani ya Ghuba ya Mwanza, zinachanganyika na rangi za madume hufifia. Maabara ilionyesha jambo hilohilo: chini ya taa nyeupe jike alimchagua dume wa aina yake, chini ya taa ya chungwa alimkubali yeyote. Kwa hiyo taa ya tangi iwe nyeupe, LED ya kawaida ya bei nafuu inatosha, saa nane hadi kumi kwa siku, na usiwachanganye ndugu hawa wawili hata kama wanapendeza pamoja. Nyererei wa kisiwa hiki na wa kisiwa kile nao hawalingani rangi. Chukua wa sehemu moja na uandike ni wapi.

Chakula kimerahisishwa na wafugaji wa sato wa vizimba. Maduka yanayowauzia chakula Mwanza yana chembe za vifaranga za milimita moja, na hizo ndizo mlo wa kila siku: kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku, na siku moja ya wiki wafunge. Dagaa wa unga ni kishawishi kingine. Wana mafuta mengi, mara nyingi wana mchanga, na furu akizidishiwa huvimba tumbo na kufa huku akionekana amenenepa. Uduvi wakavu ni bora zaidi, mara mbili kwa wiki, kwani rangi nyekundu ya nyererei hutokana na kile anachokula na hupauka akila chembe peke yake. Viluwiluwi vya mbu wanawapenda sana. Ila kufuga mbu uani ili kulisha samaki ni jambo ambalo majirani hawatalisamehe, na watakuwa na haki.

Kila wiki toa robo ya maji, lita 60, ukivuta uchafu wa chini kwa mpira, urudishe ya jaba. Sponji zisuuzwe ndani ya maji hayohayo uliyotoa, si ya bombani, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Maji machafu yamwagie mchicha; naitreti ni mbolea.

Tangi likitulia, siku moja utaona jike hali na koo limejaa. Ana mayai mdomoni. Dume ana madoa ya manjano yanayofanana na mayai kwenye pezi lake la chini karibu na mkia. Jike huyadonoa na kupata mbegu za kurutubisha mayai ambayo ameshayakusanya kinywani. Atakaa bila kula karibu wiki tatu. Ukimwacha kwenye tangi kubwa, vifaranga wataliwa siku wanayotemwa. Baada ya wiki mbili hivi mhamishe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa tochi na nyavu mbili, kwa upole, maana akishtuka huwatema njiani. Tangi la lita 40 lenye sponji na chungu kilichovunjika cha kujifichia linamtosha. Akishawaachia na wakawa wanaogelea wenyewe, mrudishe kwa wenzake akiwa ameshakula siku mbili tatu, apate nguvu ya kukimbizana.

Vifaranga wanakula chembe hizohizo zikisagwa kuwa unga, mara nne kwa siku. Kwa miezi michache watakuwa wamejaza tangi dogo na utaanza kutafuta pa kuwapeleka. Ziwani hapana, hata kama babu zao walitoka huko: wamekaa na magonjwa ya tangi, na ukiwamwaga kwenye jabali lisilo lao unachanganya koo ambazo visiwa vimezitenganisha. Wape majirani, shule, ofisi yenye sehemu ya mapokezi. Mfuko utakaompa mtu uandike kwa kalamu isiyofutika: jina la aina, jiwe au kisiwa walikotoka wazazi, na mwezi waliozaliwa. Mwambie naye asiwachanganye.